BB ya hesi au ya kushindiliwa: fremu ipi?

Mteremko: Wakuu, nachagua kati ya fremu mbili za kaboni za baiskeli ya mbio. Moja ina BB (bottom bracket, sehemu ya fremu yenye beringi za ekseli ya krenki) ya hesi ya Kiingereza, upana milimita 68. Nyingine ni BB86, vikombe vya beringi vya kushindiliwa bila hesi. Krenki ninayo tayari, Shimano ya ekseli ya milimita 24. Tofauti ya uzito ni gramu chache tu. Ipi, na kwa nini?

Spana16: Hesi, usiumize kichwa. Ikilia unafungua, unasafisha, unapaka grisi, unakaza kati ya 35 na 50 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), basi. Specialized walirudi kwenye hesi na Tarmac SL7 mwaka 2020, na Trek wakaipa Emonda T47, nayo ya hesi, mwaka huohuo. Waliokuwa wakiisifia ya kushindilia wameikimbia wenyewe. Kiwanda kinaokoa muda, mteja anabaki na kelele.

KaboniTupu: Mifano yako haihusiani na swali. Trek walikuwa na BB90, beringi inakaa ndani ya kaboni yenyewe bila kikombe. Specialized walikuwa na OSBB, ukoo wa BB30, ya kushindilia kwa ekseli ya 30. BB86 ina kikombe kinachoingia kwenye tundu la 41, na fremu ni pana, 86.5. Kelele chanzo chake ni tundu lisilo duara, au matundu mawili yasiyo kwenye mstari mmoja. Hapo fundi wa nyundo anamalizia uharibifu. Na hesi si kinga: za Kiitaliano, nazo ni 68, hufunguka zenyewe upande wa mnyororo.

Spana16: Nyundo nimeitaja wapi? Halafu Kiitaliano ni 70, kipenyo 36, hesi 24 kwa inchi. Ukitaka kufundisha watu, soma kwanza. Inafunguka kwa sababu pande zote mbili ni hesi ya kawaida, na krenki ikizunguka inaburuta kikombe cha kulia kifunguke. Kiingereza walimaliza shida hiyo kwa kuweka hesi ya kinyume kulia.

Ekseli_Wazi: 70 uko sahihi, sababu umeigeuza. Simama upande wa mnyororo: krenki inazunguka kulia. Kama ni kuburuta tu, hesi ya kawaida ingekazwa, isingefunguka.

Spana16: Basi Waitaliano wanapaka gundi ya hesi kwa burudani?

Ekseli_Wazi: Wanapaka kwa sababu kikombe kweli kinatambaa, ila kinyume cha mzunguko. Mzigo unazunguka pamoja na gololi, na kikombe chenye uwazi mdogo ndani ya tundu kinabiringika kuelekea upande wa pili. Shika penseli kwa ngumi iliyolegea, zungusha ncha yake kulia kwa kidole: penseli yenyewe itajizungusha kushoto.

Kilima_Hakiishi: Nadharia tamu. Mbona pedali ya kulia ina hesi ya kawaida na iko upande uleule?

Ekseli_Wazi: Kwa sababu pedali imefungwa kwenye krenki, haikufungwa kwenye fremu. Krenki ikienda kulia, uzito wa mguu, ukiutazama kutoka kwenye krenki, unazunguka kushoto. Ekseli ya pedali inatambaa kulia, inajikaza. Kanuni ni ileile, kilichobadilika ni kitu kinachozunguka.

Kilima_Hakiishi: Sawa, penseli imekubali. Lakini beringi ikiganda kabisa, hapo si inaburuta?

Ekseli_Wazi: Hapo inaburuta, na kikombe cha Kiingereza cha kulia kinaweza kufunguka. Ukikikuta kimelegea, izungushe beringi kwa kidole kabla ya kulaumu hesi.

Mteremko: Wakuu, pedali sikuuliza…

KaboniTupu: Mteremko, kwa ekseli ya 24, BB86 inakutosha. Ni wale wa ekseli ya 30 wanaopata taabu: kati ya 30 na 41 inabaki 5.5 kila upande, na kikombe kimo humohumo, kwa hiyo gololi zinakuwa ndogo na kuchakaa haraka. Ukiwaza kubadili krenki huko mbele, tafuta T47, tundu ni 47 kwa hesi ya milimita 1.

Spana16: Yaani umefika kwenye hesi mwenyewe. Karibu.

KaboniTupu: Nimesema *ukibadili krenki*. Na hata hesi yako, nusu ya kelele haitoki kwenye BB. Kofia ya plastiki ya krenki ni 0.7 hadi 1.5 Nm tu, kuondoa mchezo, halafu bolti mbili za mkono wa kushoto 12 hadi 14 Nm, kwa kupokezana. Mtu anakaza moja hadi mwisho, ya pili inabaki imelegea, krenki inalia, anashtaki fremu.

Spana16: Hapo sina neno. Kikombe cha kushindilia unakiingiza kikavu au na grisi?

KaboniTupu: Grisi kidogo, na presi inayosukuma mdomo wa kikombe, isiguse beringi ya ndani.

Kilima_Hakiishi: Grisi? Plastiki kwenye kaboni inataka gundi ya kushikilia, la sivyo baada ya mvua inaanza kucheza.

KaboniTupu: Gundi ni ya tundu lililopanuka. Tundu zima ukilitia gundi, siku ya kubadilisha beringi utakitoa kikombe vipandevipande.

Spana16: Na nyundo.