Vanila ya keki: esensi ya chupa, maganda ya Uganda, ama ya kuloweka mwenyewe?

MwokajiUmoja
Habari za jioni wanajikoni. Naoka keki za oda hapa Umoja, tano sita kwa wiki, nyingi za bathdei na moja moja za ruracio, sherehe ya mahari. Miaka yote nimetumia esensi ile ya chupa ndogo ya dukani. Juzi mteja wa Kileleshwa kaniuliza, "Hii ni vanila kweli ama ni ya maabara?" Nikakosa jibu. Niendelee na esensi, ninunue maganda, ama niloweke yangu kwenye vodka? Mwaka jana nilijaribu maganda matatu ya Uganda, nikayafungia kwenye chupa kabatini, baada ya miezi nikakuta yameota ukungu mweupe. Nikatupa yote. Roho iliniuma, pesa za hayo matatu zingeninunulia esensi ya mwezi mzima.

Kasarani254
Esensi. Keki ni keki. Huyo wa Kileleshwa mwongezee bei tu.

MpishiWaKastadi
Kasarani, nusu uko sawa. Desemba nilioka keki mbili, kila kitu sawasawa, ila moja niliitia esensi na nyingine ganda nililopasua na kukwangua mbegu. Nikawakatia wenzangu wa chama bila kusema neno. Watu kumi na mmoja, hakuna aliyetofautisha, na wawili wakaisifu ya esensi kuwa "hii ndiyo vanila yenyewe". Mkutano uliofuata nikarudia mchezo huohuo kwa kastadi. Hapo hata watoto walijua. Joto la oveni hufukuza zile harufu nyepesi za ganda, inabaki vanilini, ile kemikali kuu ya harufu ya vanila, na hiyo hata chupa ya dukani inayo. Ndani ya keki mimi hutia esensi bila aibu. Ganda naliwekea krimu ya juu, kastadi na aiskrimu.

MkemiaWaViwandani
Niko kiwanda cha biskuti, Eneo la Viwanda. Sisi hata chupa hatuioni, tunaona katoni za unga mweupe. Nyingi ni vanilini iliyotengenezwa kwa gwayakoli inayotokana na petroli, nyingine hutoka kwenye lignini ya mbao. Si jambo geni, Wajerumani Tiemann na Haarmann waliiunda mwaka 1874. Ina binamu yake, ethili vanilini, mwenye nguvu kama mara tatu. Ndiye anayekupokea ukifungua tu pakiti. Molekuli ya vanilini ya kiwandani ni ileile iliyo kwenye ganda, ila ganda lina vitu vingine zaidi ya mia mbili vinavyoandamana nayo. Mteja mwambie ukweli. Ladha ya vanila inayotoka kwenye maganda haifiki asilimia 1 ya inayotumika duniani, na hata ganda lililokaushwa vizuri vanilini yake ni kama asilimia 2 tu ya uzito.
Halafu dada, huo ukungu wako ulikuwaje hasa?

ShemejiWaMukono
Mnalia bei kwa sababu hamjaiona kazi. Mke wangu ni wa Mukono, Uganda, na nimewahi kuamshwa alfajiri nikachavushe. Ua la vanila hufunguka asubuhi, mchana limeshanyauka, na huku kwetu hakuna mdudu wa kuifanya kazi hiyo. Mmea ulitoka Mexico, wadudu wake wakabaki. Unalishika ua kwa mkono wa kushoto, unalichana mdomo kwa kijiti chenye ncha, unainua kile kiutando kinachotenga dume na jike, unabonyeza kwa kidole gumba. Ua moja, ganda moja. Ujanja huo ulibuniwa na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, mwaka 1841, na bado tunaufuata. Mimi niliharibu maua kumi ya kwanza, mashemeji wakacheka hadi wakaketi chini.

Kisha unangoja kama miezi 9, na ikikaribia mnalala shambani na panga kwa ajili ya wezi. Wengine huchoka kulinda wakachuma machanga, ndiyo maana serikali ya Uganda hutangaza tarehe za kuvuna. Na ganda bichi halinukii kitu! Linatumbukizwa kwenye maji ya moto dakika chache, linavundikwa kwa blanketi litoe jasho, mchana juani, usiku blanketini, mwisho sandukuni kwa miezi. Kilo 5 au 6 za kijani hukupa kilo 1. Ukienda kununua, lizungushe kidoleni. Zuri hujikunja kama mkanda wa ngozi na kukuachia mafuta. Lililochumwa changa hukatika kama njiti.

BintiPwani
Sisi wa Pwani tuliozoea kusema arki badala ya esensi, vodka hatuigusi. Maganda mliyokwisha kuyakwangua msitupe, yaanikeni yakauke, yafukieni kwenye mtungi wa sukari wiki mbili tatu. Esensi nazo nyingi hutumia propileni glikoli badala ya kileo, ila someni lebo. Na kwa mahamri msijisumbue, pale iliki ndiye mwenye nyumba.

MpishiWaKastadi
Kwa wanaotumia kileo, kipimo cha sheria ya Marekani ni gramu 100 za maganda kwa lita, kileo kisipungue asilimia 35. Vodka ya robo lita basi inataka gramu 25, kama maganda 7 au 8. Watu hutumbukiza mawili halafu wanashangaa. Ipe miezi sita, gizani. Na hii si 2018, kilo ya maganda ilipopita dola 600. Madagaska, inayotoa vanila nyingi kuliko nchi zote, ilipoondoa mwaka 2023 sharti la kutouza nje kilo kwa chini ya dola 250, soko liliporomoka.

MwokajiUmoja
Asanteni, nitachanganya kama Mpishi. Mkemia, ule ukungu haukuwa na manyoya. Ulikuwa kama visindano vyeupe, nilipoyapeleka dirishani vikametameta.

MkemiaWaViwandani
Dada yangu. Ukungu haumetimeti, na hunuka uvundo. Hiyo ilikuwa vanilini yenyewe, imetoka ndani ikaganda juu ya ganda. Wanunuzi wengine huitafuta.

MwokajiUmoja
Na kabati lote lilikuwa likinukia. Mimi nikadhani ni keki.

Kasarani254
Pole sana dada. Hasara hiyo weka kwa bei ya Kileleshwa.