Akili ya binadamu: ielezwe kwa hisabati, kwa ukokotoaji au kwa fizikia?

Mleta mada:
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley, wakitumia neva nene ya ngisi, walionyesha kwamba mpigo wa umeme unaopita kwenye neva hutokana na ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu kuingia ndani ya seli na kisha za potasiamu kutoka, wakauandika mwenendo huo kwa milinganyo inayotumika hadi leo. Hiyo ni fizikia, iliyoandikwa kwa hisabati, na siku hizi tunaiendesha kwenye kompyuta, yaani kwa ukokotoaji: kufuata hatua za hesabu moja baada ya nyingine. Naomba mnisaidie: kati ya hizo tatu, ni ipi inayoieleza akili yenyewe, wala si neva peke yake?

Jibu la kwanza:
Mimi nasimama na ukokotoaji. Mwaka 1943 watafiti McCulloch na Pitts walionyesha kwamba mtandao wa neva sahili, ambazo ama hupiga ama hunyamaza, unaweza kufanya kazi za mantiki. Mtu anapojumlisha 7 na 5, ukimweleza kwa ayoni zote zilizopita katika ubongo wake utakuwa umesema kweli tupu, lakini hutakuwa umesema kwamba alikuwa anajumlisha. Hesabu hiyo hiyo hufanywa na kikokotoo kisicho na ayoni hata moja katika neva, kwa sababu hakina neva.

Jibu la pili:
Ndugu yangu, nakubaliana nawe kuhusu kujumlisha, ila sidhani kama akili yote iko hivyo. Chukua mnyoo C. elegans, mwenye urefu wa takribani milimita moja na neva 302. Ramani ya miunganisho ya neva zake ilichapishwa mwaka 1986, na bado ramani hiyo haitoshi kutabiri mnyoo atafanya nini, kwa kuwa kemikali zinazoachiliwa mwilini, kwa mfano anapokuwa na njaa, huweza kuubadilisha utendaji wa saketi (mizunguko ya neva zilizounganishwa) zile zile. Mwili umo ndani ya hesabu. Tena mwaka 1982 mwanafizikia John Hopfield alichukua hisabati ya sumaku akaunda kwayo mtandao wa kumbukumbu: unaupa kipande cha taswira, nao unateremka hatua kwa hatua hadi kwenye hali ya nishati ndogo, ambako taswira nzima imehifadhiwa. Mwaka 2024 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, pamoja na Geoffrey Hinton, mtafiti wa mitandao ya neva ya kompyuta. Sasa kukumbuka huko tukuite ukokotoaji au fizikia?

Jibu la tatu:
Hisabati nisingeiweka kwenye shindano hili, maana huandika mwendo wa sayari na wa neva kwa usawa. Mwanahisabati Roger Penrose, katika kitabu chake cha 1989, aliitumia nadharia ya Gödel (kwamba mfumo wa kanuni usiojipinga, wenye nguvu ya kutosha kwa hesabu, huwa na kweli usizoweza kuzithibitisha) kudai kwamba akili inapita ukokotoaji wowote. Wanamantiki wengi hawakukubali, kwani hoja hiyo inatutaka kwanza tuwe na hakika kwamba fikra zetu hazijipingi.

Mleta mada:
Nawashukuru sana. Naona basi niulize kwa kila kazi ya akili peke yake. Kujumlisha nakuachia ukokotoaji. Lakini maumivu ya jino je? Programu ikiyakokotoa yote, kuna anayeumia?