Mrejesho: ile ishu ya kukwama katikati ya gemu ya chesi

Wakuu mrejesho kidogo, mimi ndo yule niliyeuliza kwa nini nikimaliza muvu 10 za mwanzo naanza kusukuma askari hovyo mpaka napigwa taratibu bila hata kujua kosa liko wapi. Nimefuata ule ushauri wa kutafuta kete yangu iliyozubaa kuliko zote niiboreshe kwanza, aisee! Jana nacheza nyeupe, jamaa kasogeza askari wake kwenye miraba ya c5 na e5, mraba wa d5 katikati yao ukabaki tundu, nikamtia farasi pale, hakuna askari wa kumfukuza, akakaa kama kajenga. Askofu wake wa e7 nae kazibwa na askari wake mwenyewe. Nikashinda. Ila ngome (zile kete zinazoanzia kwenye kona) bado zinanisumbua, laini ikifunguka, yaani safu ya wima ikibaki bila askari, mwenzangu ananiwahi kila siku.