Mrejesho: picha za bidhaa kutoka kijivu na njano

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini karatasi nyeupe ninayoweka nyuma ya bidhaa inatoka kijivu na sabuni zinatoka njano kwenye picha za tovuti. Kumbe ni matatizo mawili tofauti.

Ukijivu ni kazi ya kamera yenyewe: ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Dawa ni kupandisha mwangaza kwa makusudi, +1 mpaka +1.5 kwenye kipimo cha mwangaza cha kamera (EV). Kwenye simu nyingi, gusa bidhaa na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, kisha buruta alama ya jua kwenda juu. Ukipitiliza, kingo za lebo nyeupe zinayeyukia kwenye karatasi; hapo rudisha kidogo.

Unjano ulitokana na taa ya dari kuchanganyika na mwanga wa dirisha. Zima taa, basi. Aliyeshauri ninunue taa ya pili, samahani mkuu, haikuhitajika: kadi nyeupe ya A3 upande wa pili wa dirisha, sentimita 20 hivi kutoka kwenye bidhaa, imelainisha kivuli vizuri.

Mpangilio: ISO 100 (usikivu wa kamera kwa mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), stendi ya miguu mitatu, taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera.

Zimebaki chupa za kioo. Kingo zake zinapotelea kwenye weupe. Vipande vya kadi nyeusi pande zote mbili, nje kidogo ya fremu, vinazichora upya. Ila mng'ao wa dirisha bado upo. Kitambaa cheupe chepesi dirishani kinaulainisha tu, hakiuondoi.