Mdogo wangu yuko geto wiki mbili na UE (mitihani ya mwisho wa semesta chuoni) inakaribia, nimshughulisheje?

Geto_Moja:
Wakuu, dogo ana miaka 10, wamefunga shule, kaja kwangu hapa Ng'ong'ona, Dodoma. Chumba kimoja, meza moja, kitanda kimoja. Nikimpa simu ananyamaza, ila bando inakata na noti zangu ziko humohumo. Sitaki sapu (kurudia mtihani), na sitaki arudi nyumbani akisema kaka alimfungia ndani. Nifanyeje?

Bundi wa Alfajiri:
Usishindane naye mchana, utashindwa. Mtoto wa umri huo anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Akilala saa 2 usiku, huyo ni wa saa 12 asubuhi. Wewe soma saa 2:30 hadi 4:30 usiku, lala, amka saa 10:30 alfajiri. Mahesabu na pasti pepa weka alfajiri. Usiku soma noti tu. Taa ielekeze ukutani, isimpige usoni.

Mpango huu huharibiwa na kitu kimoja: usingizi wa jioni. Akisinzia saa 10 jioni, saa 5 usiku bado anakuuliza maswali. Saa hiyo mtoe nje akimbie.

Kete12:
Mchana mpe kazi ya mikono yenye mwisho. Drafti: boksi la kadibodi, mraba wa sentimita 40, gawa 8 kwa 8, kila chumba sentimita 5. Vifuniko vya soda 24, rangi mbili, 12 kila upande. Kikiingia kingi unakigeuza. Kuchora na kupaka tu kunamla asubuhi nzima, mradi umpe rula. Bila rula vyumba vinapishana, anakata tamaa, anakuja kwako.

Siku ya pili, tiara. Juni Dodoma upepo haukosekani. Chelewa mbili imara za ufagio, sentimita 50 na 40, funga msalaba, kijiti kifupi kikae robo kutoka juu ya kile kirefu. Zungushia uzi ncha zote nne, bandika gazeti. Uzi wa kurushia usiufunge sehemu moja: funga kitanzi kutoka juu hadi chini ya kijiti kirefu, kisha uzi utoke kwenye kitanzi hicho, usawa wa msalaba au juu yake kidogo. Mkia wa vitambaa mita 2. Ikizunguka kama pia, mkia ni mfupi. Ikigoma kupanda, mkia mzito. Gazeti huchanika penye ncha, kwa hiyo weka gundi ya karatasi mara mbili hapo. Arushe uwanjani, mbali na nyaya za umeme.

Geto_Moja:
Nikienda naye maktaba je?

Bundi wa Alfajiri:
Dakika 20 tu, halafu anaanza kuchora meza. Acha. Badala yake weka saa ya ukutani: "mshale mrefu ukifika 9, nakuja." Dakika 45, na ukifika uende kweli hata kama swali halijaisha. Ukimdanganya mara mbili atakuwa anakuja kila dakika tano. Na kabla ya kukaa mpe kwanza uji au karanga; nusu ya usumbufu huwa njaa.

Kete12:
Jumamosi mchukue daladala mpaka Nyerere Square, asubuhi, na sweta. Kuhusu simu: shusha katuni mbili kwenye Wi-Fi ya chuo, zima data, noti zichapishe. Usimpe kabla ya saa 11 jioni, la sivyo drafti haitaguswa tena.