Mrejesho: Zimwi au zimwi?

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama majina ya viumbe vya hadithini yaanze kwa herufi kubwa, na tuweke nini penye "the" ya Kiingereza. Nimefuata ushauri wenu: zimwi, jini na nguva ni aina, basi herufi ndogo. Pegasus wa Wagiriki ni farasi mmoja tu mwenye mabawa, herufi kubwa.

Penye "the" nimeweka "yule": palikuwa na zimwi, kisha yule zimwi akaja. Mhariri akataka "lile zimwi", akanitolea ushahidi: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nikanywea.

Aliyenitoa jasho ni Popobawa, shetani wa masimulizi ya Zanzibar. Yule aliyewatisha watu Pemba mwaka 1995 husimuliwa kama mmoja, nikampa kubwa. Wakizidi, mapopobawa, ndogo inawatosha.