Naomba ushauri: barua ya maji tumpelekee Mbunge au Mwakilishi?

Assalaam alaykum. Mimi ni katibu wa kamati ya maji katika shehia moja ya Wilaya ya Micheweni, Pemba, ambako mfereji wa skuli umekauka tangu pampu ilipoharibika, na watoto huja asubuhi kila mmoja na dumu lake la lita tano. Tulimwandikia Mbunge wetu. Akajibu, kwa adabu lakini kwa ufupi, kwamba maji si jambo la Muungano, hivyo twende kwa Mwakilishi.

Kikatiba naona ana hoja, kwa kuwa Bunge la Dodoma huisimamia na kuishauri Serikali ya Muungano, ilhali maji, afya na skuli za msingi ni mambo ya Serikali ya Zanzibar, yanayohojiwa katika Baraza la Wawakilishi kule Chukwani. Lakini wakati wa kampeni hakutwambia hivyo. Aliahidi pampu mbele ya wazee, chini ya mwembe, kidole kikielekea kwenye tangi lenyewe.

Naomba mnishauri: barua ya pili tumpelekee Mwakilishi peke yake, au nakala apewe na Mbunge, tukimwomba achangie kupitia mfuko wa jimbo? Na je, ipitie kwa sheha kwanza?